Virusi moja, watoto wawili: je, shida inatoka katika damu ya familia?

Watoto wawili wachanga wa parsele moja wanashikwa na mafua wiki moja. Mmoja anapona nyumbani, mwingine anahema mbio mbio mpaka anawekwa kwenye oksijeni. Hapo maneno yanaanza: wengine wanasema ni damu mbaya ya upande wa mama, wengine wanatafuta mulozi.

Mara nyingi chanzo ni virusi ambavyo waganga wanaita kwa Kifaransa VRS. Karibu kila mtoto anavipata mbele ya kufikisha miaka 2, na wengi wanapona. Kwa wengine vinaziba njia ndogo za pumzi ndani ya mapafu.

Je, damu ina neno? Ndiyo, kidogo. Mwaka 2017, watafiti wa Uswisi walitoa matokeo juu ya watoto 120 waliokuwa wazima, kisha virusi vya mafua vikawafikisha kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa 8 kati yao, jeni inayoitwa IFIH1, inayosaidia mwili kutambua virusi vikiingia, ilikuwa na kasoro. Kasoro kama hiyo inaweza kutoka kwa baba ao kwa mama. Kwa hiyo kumulaumu mama peke yake si haki.

Huko Denmark, mwaka 2008, watafiti waliangalia mapasa. Kama mmoja alipata VRS kali, nafasi ya mwenzake kuipata pia ilikuwa 66 kwa 100 kwa mapasa wenye jeni zilezile, na 53 kwa wasiofanana. Tofauti si kubwa. Walihesabu kwamba jeni zinachangia 16 kwa 100, na mazingira ya familia 73.

Jeni hatuwezi kubadilisha, lakini nyumba tunaweza. Mbabula ya makala ikae inje, mbali na mtoto. Sigara pia. Mwenye mafua asimubusu mtoto, na kila mtu anawe mikono mbele ya kumubeba. Miezi 6 ya kwanza, ziwa la mama tu.

Tena, hesabu pumzi zake dakika moja nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 ao zaidi ni hatari. Toka miezi 2 mpaka 12, ni 50. Kifua kikiingia ndani, akikataa ziwa, ao midomo ikigeuka buluu, mupeleke kituo cha afya saa ileile. Usingoje asubuhi, wala usingoje familia imalize kutafuta mwenye kosa.