Mhusika na Msuko katika Hadithi za Picha za Mfululizo

Uhakiki wa fasihi umezoea kuanza na msuko: tukio lipi limezaa lipi, na fundo limefunguliwa wapi. Utaratibu huo waifaa riwaya, kwa kuwa msomaji anayo yote mkononi. Hadithi ya picha ya mfululizo, kinyume chake, hutolewa vipande vipande. Katika mji ulio mbali na mitambo ya kuchapia, kama Kamina, toleo moja likipotea njiani uzi wa matukio hukatika. Kinachobaki kwa msomaji ni mhusika.

Tuanze na familia ya Mbumbulu, iliyochorwa katika Nos Images, jarida la serikali ya Kongo ya Kibelgiji lililoanza mwaka 1948. Kila mkasa humalizika kwa funzo, na msuko wake ni timamu. Hata hivyo, familia hiyo ikiondolewa na kuwekwa nyingine, funzo halibadiliki. Wahusika wamekuwa vyombo vya mawaidha.

Jeunes pour Jeunes, lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1968, lilifuata njia nyingine. Apolosa, polisi aliyechorwa na Boyau, alizungukwa na lugha iliyochanganya Kifaransa, Kilingala na misimu ya vijana wa mji. Hapo usemi wenyewe ulikuwa sehemu ya uhusika. Msomaji alimtambua mtu kabla ya kujua atakalotenda.

Kwa Kiswahili, mfano bora ni Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeanza Kenya katika miaka ya 1950 na baadaye kudumu kwa miongo mingi katika Taifa Leo. Juha ni mjinga. Kalulu, kwa Kibemba, ni sungura, yule mjanja wa ngano. Ujinga na ujanja vimekutanishwa katika jina moja, na mgongano huo watosha kuzaa visa bila kikomo.

Isidhaniwe, basi, kwamba mhusika imara sharti abadilike. Kalulu ni mhusika bapa kwa istilahi ya darasani. Uimara wake uko katika hulka inayozaa tukio, badala ya tukio kumtafutia mtu wa kulibeba.

Mwanafunzi anayechambua kazi hizi asitosheke kuuliza nini kimetokea. Aulize pia: je, mtu mwingine akiwekwa mahali pake, kisa kitabaki kilekile? Kikibaki, mhusika bado hajaumbwa.