Ndani ya Tone la Togwa

Sogeeni, wajukuu zangu, na vikombe vyenu vya togwa. Hapa Lusewa mnajua inavyopikwa: uji wa mahindi unaachwa upoe hadi uwe vuguvugu, kisha unatiwa kimea cha ulezi. Uji mzito unalegea na kuwa mtamu, kwa kuwa kimea kinavunja wanga kuwa sukari. Kesho yake umeanza ukali. Huo ukali ni kazi ya bakteria, wengi wao wa jamii ya Lactobacillus, wanaokula sukari na kutoa asidi.

Na ndani ya bakteria mwenyewe mna nini? Aliyechunguzwa kuliko wote ni Escherichia coli, mkazi wa matumbo yetu, ambaye daktari Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885. Urefu wake ni kama mikromita 2; walazeni 500 kwa mstari, mtapata milimita moja tu. Mwili mdogo hivyo umebeba molekuli za protini zipatazo milioni 3!

Chukueni yai la kuku mlivunje. Ule ute unaonata na kuvutika una protini gramu 10 hivi katika kila gramu 100, na karibu zote zilizobaki ni maji. Ndani ya bakteria protini ni kama mara mbili ya hapo, na bado hatujahesabu DNA wala RNA.

Kwa kubanana huko, protini inayosafiri humo inagongana na nyingine bila kukoma, na mwendo wake unapungua kama mara 10 kuliko ndani ya maji matupu. Hakuna anayeionyesha njia. Joto linazitikisa molekuli za maji, nazo zinaisukuma huku na huku. Lakini safari ni fupi mno, hata kwa kusukumwa hivyo inafika upande wa pili kabla sekunde moja haijaisha. Tena, kimeng'enya, yaani protini inayovunja sukari, hakikai muda mrefu bila kukutana na sukari yake. Protini zikipungua, kazi inachelewa. Zikizidi mno, zinakwama. Bakteria anaishi katikati hapo, na mimi sijaona ustadi unaoupita huo.

Kila tone la togwa lina mamilioni ya bakteria. Ndani ya saa 24 asidi yao inashusha pH chini ya 4, na vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kustawi humo.

Vitabuni mtamkuta bakteria amechorwa kama kifuko cheupe chenye vidoti vichache. Mkiambiwa mmchore, msiache nafasi nyeupe.