Je, Wajua? Upepo wa Dodoma Hauzuii Jua Kuunguza
Upepo wa Dodoma humdanganya mtu. Mji huu uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Baridi ya Juni haiizuii.

Wenye ualbino huathirika zaidi, kwa kuwa ngozi yao ina melanini kidogo mno. Ndiyo maana mjini Moshi hutengenezwa losheni maalumu kwa ajili yao, Kilisun.

Umeungua? Ingia kivulini, poza ngozi kwa maji baridi, kunywa maji ya kutosha, wala usipasue malengelenge. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri, vaa kofia pana na shati la mikono mirefu.