Rangi ya Msimu Haitoki New Jersey

Kila mwaka, Desemba ikiingia, kampuni ya Kimarekani iitwayo Pantone hutangaza rangi ya mwaka unaofuata. Ya 2023 ilikuwa Viva Magenta, wekundu uliochanganyika na zambarau. Ya 2025 ikawa Mocha Mousse, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Ya 2026 ni Cloud Dancer, weupe wa wingu. Wasichana wanaojifunza kushona kwangu huniletea picha za rangi hizo kwenye simu habari ingali moto. Mimi huzitazama, nikawarudishia simu, kisha nikawauliza: mwezi huu kanisani kuna nini? Harusi ziko ngapi? Mvua imeanza au bado tuko kwenye vumbi?

Nawauliza hivyo kwa sababu hapa Birere rangi ya msimu haitoki New Jersey yalipo makao ya Pantone. Inaamuliwa na kalenda, na ardhi tunayoikanyaga, na mfuko wa mteja. Fundi anayevijua vitu hivyo vitatu halali njaa.

Kwa msioijua Goma, Birere ni mtaa wa biashara uliobanana kati ya katikati ya mji na mpaka wa Rwanda. Ukishuka vichochoro vyake unatokea Petite Barrière, kizuizi ambacho maelfu kwa maelfu ya watu hukivuka kwa miguu kila siku, wakienda Gisenyi na kurudi na mizigo kichwani. Nyumba nyingi ni za mbao, zimegusana ubavu kwa ubavu, ndiyo maana moto ukishika moja hauishii hapo. Mitumba, vikwembe (vitenge), simu, vipodozi na sufuria vyote viko barazani. Sisi mafundi tumepanga cherehani zetu mstari mmoja chini ya bati moja, na anachokishona mmoja wote wanakiona.

Kalenda ndiyo inayoanza

Mwaka wetu wa rangi hauanzi Januari. Unaanza Agosti, kwa bluu na nyeupe. Sare ya shule nchini Kongo ni shati jeupe na suruali au sketi ya bluu iliyokolea, na shule zikikaribia kufunguliwa Septemba, Birere nzima huonekana kama imepewa amri ya kuvaa rangi hizo mbili. Wateja wa magauni wanasubiri. Mama mwenye watoto wanne hana habari na mitindo. Anataka pindo lenye akiba ndefu, ili mwakani ifumuliwe na kushushwa mtoto akirefuka.

Baada ya hapo inakuja Noeli na bonane, yaani Mwaka Mpya. Huo ndio msimu wa nyekundu, dhahabu na kila kinachong'aa, kwa sababu mtoto asiyevaa nguo mpya tarehe 25 Desemba atakukumbusha hadi Pasaka. Kwaresima hufuata na zambarau yake kanisani, lakini mara nyingi ndani yake inaangukia tarehe 8 Machi, siku ya wanawake. Mwezi huo vikundi vya akina mama, vya kanisa, vya kazini na vya likelemba (kuchangiana fedha kwa zamu), hununua kikwembe cha aina moja. Mei ni nyeupe ya komunyo ya kwanza. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ni cha harusi na mahari: upande wa bibi arusi huchagua rangi moja, upande wa bwana nyingine, na mishanana, yale mavazi ya kutupia begani, ya vitambaa vyepesi hutoka kwa rangi laini ambazo mwezi mwingine hutazioni kabisa. Waumini wa kanisa la Wakimbangu wao hawababaiki na misimu. Kijani na nyeupe zao ni za mwaka mzima.

Kila jamii ina kalenda ya namna hiyo. Pwani ya Uswahilini, kanga ya kisutu yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe ni ya bibi arusi tangu zamani. Ghana, nyekundu na nyeusi zikivaliwa pamoja watu hujua kuna msiba. Rangi zilezile, shughuli mbalimbali. Ndiyo maana mbunifu anayechukua rangi ya watu wengine bila kuuliza inavaliwa lini anaweza kumpeleka mteja wake harusini akiwa amevaa nguo ya kilio.

Turudi Birere. Machi, kwa ajili ya siku ya wanawake, ndio mwezi wa kumpima fundi. Wanawake 40 wameleta kikwembe kilekile, na kila mmoja anataka kuonekana peke yake. Rangi haibadiliki, basi unacheza na mkato. Huyu unamwekea ukosi wa kusimama, yule mkono wa puto, mwingine unamkatia kiunoni ua kubwa likae tumboni badala ya kukatika mshononi. Ubunifu mwingi niliouona maishani umezaliwa kwa kubanwa namna hiyo.

Jirani mbaya wa rangi

Ardhi yetu ni nyeusi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilishusha lava hadi katikati ya mji, ikafunika mitaa ya biashara na kuliunguza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, mara hii ikasimama kabla ya kufika katikati. Mawe hayo ndiyo tunayojengea kuta na ndiyo tunayoyakanyaga. Wakati wa kiangazi husagika chini ya magurudumu ya pikipiki na chukudu, vile vyombo vyetu vya mbao vya kubebea mizigo, yakawa vumbi la kijivu linaloingia hadi kwenye kikombe cha chai.

Sasa mpelekee mteja wa Birere ile nyeupe ya wingu mwezi wa Julai! Atavuka barabara moja tu, na pindo litakuwa na rangi ya tatu ambayo Pantone hawajaipa jina. Nguo nyeupe ya kiangazi mimi huiwekea chini utepe wa kitambaa cheusi au bluu iliyokolea, upana wa vidole vinne. Wateja hudhani ni pambo.

Lakini weusi huohuo ni zawadi kwa anayejua kuutumia. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia upakaji rangi kwenye kiwanda cha Gobelins mjini Paris, walikofuma mazulia ya kutundika ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Chevreul alipozichunguza akakuta rangi yenyewe haina kasoro. Tatizo lilikuwa bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Jicho likiziona pamoja, weusi unapooza. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, na wachoraji na wafumaji wamekitumia tangu hapo. Somo lake ni jepesi: rangi haipimwi peke yake, hupimwa na jirani yake.

Jaribu mwenyewe. Weka kipande cha manjano juu ya meza ya mbao, kisha kiweke juu ya jiwe la lava. Juu ya jiwe kitawaka. Chungwa nayo vivyo hivyo, na kijani cha majani mabichi ya migomba. Ndiyo sababu mama anayeuza ndizi akiwa amejifunga kikwembe cha manjano huonekana toka mwisho wa barabara, na ndiyo sababu rangi zinazosemwa Ulaya kuwa zinapiga kelele hapa kwetu zinaongea kwa sauti ya kawaida.

Kikwembe chenyewe

Wengi hudhani kitambaa cha wax kimezaliwa Afrika. Kampuni ya Vlisco, mashuhuri kuliko zote, ilianzishwa 1846 huko Helmond, Uholanzi. Waholanzi waliiga batiki za kisiwa cha Java wakitaka kuwauzia Wajava wenyewe, na hatimaye soko kubwa wakalipata Afrika Magharibi, kisha kwetu. Kitambaa hupigwa resini pande zote mbili, kikatumbukizwa kwenye rangi ya nili, na mahali resini ilipopasuka nili hupenya na kuacha mishipa myembamba. Rangi nyingine huongezwa baadaye.

Majina na maana, hata hivyo, ni vyetu. Wafanyabiashara wanawake wa Lomé, waliotajirika hadi wakaitwa Nana Benz kwa magari yao, ndio waliokuwa wakivipa vitambaa majina, na jina zuri liliuza kuliko rangi. Six Bougies, kitambaa chenye plagi sita za gari, kilimtangaza mvaaji wake kuwa mtu mwenye uwezo wa gari la silinda sita. Kiwanda kilichora plagi; mama wa sokoni akaweka fahari.

Leo vikwembe vingi vya Birere vinatoka China, na sivilaumu. Bila hivyo wengi wasingevaa kipya. Ila mnunuzi ajue anachonunua. Geuza kitambaa: wax halisi upande wa nyuma umekolea sawa na wa mbele. Kisha tafuta ile mishipa. Kwenye wax halisi hakuna ua linalofanana na lingine, kwa kuwa resini haipasuki mara mbili kwa namna moja. Kwenye kilichochapishwa tu, mpasuko uleule hurudi kila baada ya hatua. Mwisho lowesha ncha, ibane ndani ya kitambaa cheupe na uminye. Kikiacha doa, usikubali kukishona pamoja na kitambaa cheupe, hata mteja akibembeleza.

Uzi nao una siri yake. Usiuchague ndani ya kibanda, kwa sababu vibanda vyetu ni giza. Toka mlangoni, fungua uzi kidogo, ulaze juu ya kitambaa. Mstari mmoja wa uzi huonekana umefifia kuliko kibunda chake, hivyo chukua uliokolea kidogo kuliko kitambaa. Ukichukua unaofanana kabisa ukiwa kwenye kibunda, mshono utaonekana kama kovu.

Tunavyoazimana

Mawazo Birere hayakai. Mfanyabiashara akirudi Kampala au Dubai, picha zake zinafika kabla ya mzigo. Kuta za vibanda zimejaa mabango ya mitindo. Mchanganyiko mzuri ukitokea kwenye cherehani ya kwanza ya mstari wetu, jioni umeshafika ya mwisho. Hatugombani, desturi yetu ni kwamba anayeiga lazima aongeze kitu. Vipande vinavyobaki huenda kwenye gunia la wote, na anayetaka kujaribu rangi mbili anachagua humo kabla ya kugusa kitambaa cha mteja.

Goma ina majukwaa yake pia. Maonyesho ya mitindo ya Liputa yamepandisha jukwaani wabunifu na wanamitindo hata vita ikiwa karibu. Yale ya Juni 2023 picha zake zilizunguka dunia. Wasapeur nao, wale watanashati wenye asili ya Brazzaville na Kinshasa, wametuachia sheria ambayo nawafundisha wanafunzi siku ya kwanza: rangi zisizidi tatu katika vazi moja. Kikwembe chenye rangi tatu tayari kimeshiba. Usikiongezee mkanda wa rangi ya nne na kilemba cha rangi ya tano.

Mfuko una neno la mwisho

Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na fedha ikawa ngumu. Mezani kwangu mabadiliko yalionekana kwa rangi. Wateja waliokuwa wakishona nguo ya harusi moja tu wakaanza kuniambia: "Mama fundi, nitafutie ya kuvaa kanisani, harusini, na hata kwenye kilio." Jibu langu likawa nili iliyokolea yenye maua meupe. Ukiivaa na kilemba cha manjano ni sherehe. Ukikivua ni heshima. Nguo za zamani zinarudi pia: gauni linapasuliwa, mikono inatolewa, kikwembe kingine kinaingizwa ubavuni. Kama kuna rangi ya msimu Goma kwa sasa, ni hiyo nili, na hakuna kampuni iliyoitangaza.

Historia ina mfano wa kututia moyo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya nguo vya Marekani vilingoja Paris iseme rangi za msimu na Ujerumani ilete dawa za rangi. Vita vilipokata njia, wakaunda chama chao, na mwaka 1915 wakatoa kadi yao wenyewe ya rangi. Kukatiwa njia ndiko kulikowafanya watazame nyumbani.

Ninyi wabunifu vijana wa Goma, tengenezeni kadi yetu. Haihitaji kompyuta. Chukueni daftari, kila mwezi bandikeni vipande vya vitambaa vilivyoshonwa zaidi, andikeni chini yake vilivaliwa wapi, vilifuliwaje na vilichujuka au la. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kitu ambacho Pantone hawana. Na wewe msomaji unayetaka nguo ya Noeli: leta kitambaa Novemba. Tarehe 23 Desemba nitakuonea huruma, lakini sitakushonea.