Bandari ya Kisumu Iangaliwe Kuanzia Mitoni

Kisumu ni mji uliozaliwa na usafirishaji wa mizigo. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ikaishia majini, na meli zikaanzia hapo. Pamba ya Uganda ilivuka ziwa ikapakiwa mabehewani kuelekea pwani. Bidhaa za madukani nazo zikaja kwa njia hiyo hiyo. Maghala, karakana ya meli na maduka ya Wahindi vilifuata gati.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka 1931 reli ilifika Kampala moja kwa moja, na mizigo mingi ikaacha kupitia ziwani. Miaka ya 1960 MV Uhuru, meli inayobeba mabehewa ya treni, iliurudishia mji uhai. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, biashara ikadorora tena. Desemba 2019 MV Uhuru ilianza tena safari, ikisafirisha mafuta hadi Port Bell nchini Uganda, na bandari ya Kisumu imekarabatiwa. Ni hatua njema, na wafanyabiashara wa Kisumu walikuwa wameisubiri kwa muda mrefu mno.

Hata hivyo, fedha nyingi zimewekwa kwenye gati, na mito imesahauliwa. Mto Nyando hushuka kutoka milima ya Nandi, hupita kwenye mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil na mpunga wa Ahero, kisha humwaga udongo ndani ya ghuba ambayo tangu asili ina kina kifupi. Mto Kisat hukatiza eneo la viwanda la Kisumu, ukibeba majitaka ya mji. Tope hupunguza kina cha njia ya meli, na mbolea na uchafu hulisha magugu maji. Magugu yakijaa, meli hukwama, na mvuvi wa ufuo wa Dunga hawezi kutoa mtumbwi. Mwanamke anayenunua dagaa wa omena alfajiri akikosa mzigo, siku hiyo nyumbani kwake hakuna mapato. Wenye vizimba vya samaki aina ya ngege nao hupata hasara maji yanapopungukiwa hewa.

Kuchimbua tope bila kuzuia mmomonyoko ni gharama isiyokwisha. Kaunti za Nandi, Kericho na Kisumu zinagawana bonde la Nyando. Zikae pamoja na wasimamizi wa bandari, zitenge fungu la kupanda miti kingoni mwa mito na kusafisha majitaka, na fungu hilo liingizwe katika bajeti ya bandari yenyewe.