Pipa la moshi halipasuliwi

Mafundi wetu wengi wakipewa pipa la chuma hulipasua kwa urefu, wakalitia miguu ya nondo na bawaba, na jiko la nyama choma likawa tayari. Kwa kazi yake jiko hilo halina ubaya. Moto uko karibu, hewa inaingia kila upande, mbuzi anaiva wateja wakiwa bado kwenye soda ya kwanza. Anayetaka kuivisha kidari cha ng'ombe kwa moshi ana shida nyingine kabisa: anahitaji nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi, kwa saa nane au zaidi, bila moto kupanda wala kuzimika. Kwa kazi hiyo pipa lisimame wima, zima, na mfuniko wake juu, kama wanavyolitumia wachomaji wengi wa Marekani majumbani kwao.

Sababu ni hewa. Ujaze mkaa kiasi gani, joto litafuata hewa inayoufikia. Pipa la lita 200 lina upana wa sentimita 57 hivi na kimo cha 88. Likisimama, hewa ya moto hupanda na kutokea juu, nayo huvuta hewa baridi kupitia matundu ya chini. Ukiyatawala matundu hayo umeutawala moto.

Kabla ya matundu, uliza pipa lilibeba nini. Zuri ni lile ambalo mfuniko wake wote hutoka na hukazwa kwa pete, lililokuja na juisi nzito ya matunda au bidhaa nyingine ya chakula. Lililobeba dawa za kilimo, viyeyusho au rangi liache, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. Na pipa la mafuta lililofungwa, lenye vizibo viwili tu juu, lina hatari ambayo imewaua mafundi wengi: mvuke uliobaki ndani. Pipa linaonekana tupu, lakini mvuke huo ukichanganyika na hewa, cheche moja ya grenda inatosha kulilipua. Kulisuuza kwa sabuni si kinga ya kutegemea. Pipa la mfuniko wa pete halihitaji kukatwa popote, linatobolewa tu kwa drili, na mimi sioni kwa nini mtu ahangaike na lile jingine.

Toboa matundu manne ya milimita 19 kuzunguka pipa, sentimita tano kutoka kitako. Moja litie kipande cha bomba chenye koki, matatu yawe na vizibo vya kufungua na kufunga. Juu, kizibo kikubwa cha mfuniko kikitolewa kinaacha tundu la inchi mbili, nalo hutosha kutolea moshi.

Sasa liunguze. Mapipa mengi ya chakula yana utando wa rangi ya kahawia au nyekundu upande wa ndani, na utando huo haufai kukaa karibu na nyama. Washa moto mkubwa wa kuni ndani yake, uwanjani, mbali na nyumba, nawe usimame kule upepo unakotokea. Likipoa sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma kitupu, pakaa mafuta ya kupikia, kisha uliwashe tena kwa saa kadhaa likiwa halina nyama.

Ndani usitie kitu chochote cha zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na kaa jekundu linapita hapo kwa mbali. Wavu wa friji kuukuu, ambao mafundi wanaupenda sana, nao haufai, kwani baadhi ya zile za zamani zilipakwa kadimiamu, ambayo ni sumu. Tafuta wavu wa chuma kisichoshika kutu. Uegemeze juu ya bolti nne, sentimita 18 chini ya ukingo. Kikapu cha mkaa kiwe na upana wa sentimita 30 hadi 35, kikae juu ya miguu ya sentimita saba ili jivu lisiuzibe moto. Hapo nyama itakuwa zaidi ya sentimita 60 juu ya kitako cha kikapu.

Jaza kikapu mkaa ambao haujawashwa, fukia humo vipande vitatu vinne vya mti mkavu, kisha juu yake mwaga kaa chache zilizokolea. Moto utashuka polepole kama mshumaa. Mbinu hii Wamarekani wameipa jina la Jim Minion, aliyeieneza kwenye mashindano ya kuchoma nyama. Mwembe, mpera na mparachichi hutoa moshi mzuri. Msonobari na mkaratusi usivitie, na mbao zilizotiwa dawa usizisogeze kabisa.

Joto likikaribia nyuzi 100 anza kuziba matundu ya chini moja baada ya jingine, na kila ukigusa koki subiri robo saa kabla ya kuigusa tena. Tundu la juu liache wazi. Ukilibana, moshi hukwama ndani na nyama huwa chungu. Moshi mweupe mzito ni dalili ya moto unaokosa hewa. Unaoutaka ni ule mwembamba, wa kibuluu, ambao huonekana kwa shida. Na kila ukifunua mfuniko kuchungulia, unaupa moto hewa ambayo hukuipanga.

Mafuta yanayodondokea makaa ndiyo yanayoipa nyama ya pipa ladha yake, lakini pia huzalisha benzopireni, kemikali inayosababisha saratani. Tangu 2014 Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 kwa kilo ya nyama ya moshi. Kwa hiyo punguza mafuta ya kidari kabla ya kukipandisha.

Kidari kikifika nyuzi 65 hadi 75 ndani, joto lake linaweza kusimama kwa saa nyingi, kwa sababu maji yanayotoka juu ya nyama yanaipoza. Hapo wengi huongeza moto na kuiharibu. Subiri ifike nyuzi 93 hivi, kano ziwe zimelainika. Kuku atolewe akifika 74.

Ukimaliza ziba matundu yote, ya chini na la juu. Mkaa utazimika taratibu, na uliosalia utautumia tena. Lakini usiliingize pipa ndani wala barazani usiku huo, hata mvua ikinyesha. Mkaa unaozimika hutoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, na huua watu usingizini.