Saratani ya Ovari: Kuzuia Mishipa ya Damu Kunamfaa Nani?

Uvimbe wa saratani usiopata damu hukwama ukiwa na upana wa milimita moja au mbili tu. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alieleza jinsi unavyojikwamua: hutoa kemikali zinazoichochea mishipa ya damu iliyo jirani ichipue matawi kuuelekea. Iliyo kuu kati ya kemikali hizo ni protini iitwayo VEGF.

Katika saratani ya ovari, VEGF huotesha mishipa na pia huifanya ivuje. Majimaji ya damu hupenya kuta zake na kujikusanya tumboni, ndiyo maana wanawake wengi hufika hospitali tumbo limejaa na ugonjwa umeshasambaa. Tafiti nyingi za vipande vya uvimbe chini ya hadubini zimeonyesha kuwa mishipa ikisongamana, mara nyingi mgonjwa haishi muda mrefu.

Je, tukiizuia? Bevacizumab ni kingamwili inayoinasa VEGF kabla haijaifikia mishipa. Mwaka 2011 yalichapishwa majaribio mawili makubwa, GOG-0218 na ICON7, yaliyoiongeza kwenye tibakemikali baada ya upasuaji. Katika GOG-0218, lililokuwa na wanawake 1,873, ugonjwa ulichukua miezi 14.1 kabla ya kuendelea kukua, badala ya 10.3. Lakini urefu wa maisha kwa jumla haukutofautiana.

Matokeo hubadilika wagonjwa wakitazamwa kwa makundi. Waliokuwa hatua ya nne katika GOG-0218 waliishi miezi 42.8 badala ya 32.6. Katika ICON7 pia, walionufaika ni wale wenye hatari kubwa, wakiwemo waliobakiwa na uvimbe mkubwa baada ya upasuaji. Huenda ni kwa sababu ugonjwa ukiwa mwingi huitegemea zaidi mishipa mipya.

Dawa hii ina madhara yake: hupandisha shinikizo la damu, huchelewesha vidonda kupona na, kwa wachache, hutoboa utumbo. Dozi hurudiwa kila wiki tatu kwa miezi mingi, na bei yake ni kubwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuza shamba, familia imwulize daktari mambo matatu: ugonjwa uko hatua gani, upasuaji umebakisha uvimbe kiasi gani, na je, tumbo lilikuwa na maji, ishara kwamba VEGF inaivujisha mishipa? Mgonjwa wa hatua ya awali aliyetolewa uvimbe wote ana sababu chache za kuibeba gharama hiyo.